Maji Mdomoni, Kwenye Kilima cha Mukuba

Nilipokuwa mtoto, hakuna mtu wa mtaa wetu pale Kolwezi aliyewahi kuniona nimenyamaza. Mama alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nikigombana na mkunga. Ukinichokoza nakujibu, usiponichokoza nakuuliza umekasirika nini. Leo kichwa changu kina mvi, na wateja wangu sokoni wanajua hivyo hivyo: sabuni ya Masengo ni nzuri, lakini usithubutu kumwambia kwamba kipande ni kidogo. Nawaambia haya mapema ili mwelewe uzito wa jambo lenyewe. Kuna asubuhi moja nilipanda kilima nimejaza maji mdomoni, siruhusiwi kuyameza wala kuyatema, kwa sababu mguu wa mama yangu ulitegemea ukimya wangu. Wangu mimi, kati ya watoto wote wa dunia hii.

Mguu ule ulianza na kitu kidogo kabisa. Upepo wa mvua ulikuwa umeng'oa bati la jikoni, mama akaenda kuliokota, likamkata kwenye muundi. Alifunga kitambaa, akaendelea kutwanga, akaendelea kwenda shambani. Mama zetu wa huku hawajui kukaa chini kwa ajili ya kidonda. Baadaye mguu ukavimba, ngozi ikawa inang'aa kama bilingani, na kisha ikaja harufu. Sitaieleza sana. Niseme tu kwamba mimi na dada yangu mkubwa tulianza kula uani, na hakuna aliyetutuma kufanya hivyo, wala hakuna aliyetuuliza kwa nini.

Muuguzi wa dispensari alikuwa anakuja nyumbani kumchoma sindano. Sisi wote tulimwita Tata Munganga, yaani Baba Daktari, kwa heshima, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mizuri. Siku moja alifungua kitambaa, akanyamaza muda mrefu, akamwita baba pembeni. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mahali pangu pa kawaida.

"Tungojee mpaka siku ya ine," alisema, maana yake Alhamisi. "Kama bado inapanda, tutamupeleka ku hopital kubwa. Na kule, Tata, nisikudanganye. Batakata."

Baba alitoka nje akaanza kutengeneza baiskeli yake, na baiskeli ile haikuwa na ubovu wowote.

Kesho yake akafika Kambo Ngoie, yaani bibi yetu, mama yake mama, kutoka upande wa Tenke. Kambo alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito kama ya mwanaume, na alikuwa na tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukitazama: unga, mvua, hata wachumba wa binti zake. Aliunusa mguu. Akainua kichwa akauliza, "Maua ya mukuba iko huku kwenu?"

Mukuba ni shaba. Na maua yalikuwepo. Hapo ndipo tulipoanza kuogopa.

Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na kilima kisicho na mti. Asiyezaliwa huku anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Sisi tulizungukwa na pori, miti imesimama kila upande, lakini ilipofika chini ya kilima kile ilikoma ghafla, kana kwamba kuna mtu aliyeiambia: basi, mwisho hapo. Juu palikuwa na majani mafupi tu na mawe yenye kutu ya kijani. Halafu, mvua zilipokuwa zinaaga, kilima chote kilivaa maua madogo ya zambarau, yanayoelekea bluu, yenye harufu kali inayopanda mpaka kwenye macho. Wakubwa walisema pale wamelala bale balikulaka mukuba, wale wahenga waliokula shaba, yaani walioiyeyusha na kuishi kwayo kabla ya kampuni yoyote kufika. Walipoondoka waliacha moto wao ardhini, ndiyo maana mti ukitia mzizi unaungua. Ni ua hilo tu lililokubaliwa kuunywa ule moto bila kufa. Hatukwenda kucheza kule. Hata mbuzi wa mtaa hawakwenda, na mbuzi hawana adabu.

Kambo alieleza masharti akiwa anamenya mihogo, kana kwamba anaeleza njia ya kwenda sokoni. Maua huchumwa na mtoto wa tumbo la mgonjwa mwenyewe, msichana ambaye bado hajavunja ungo. Anajaza mdomoni maji ya mtungi wa nyumba ya mgonjwa, ili wenye kilima wajue ametoka kwa nani. Hasemi neno, kwenda na kurudi. Anachuma vichwa vya maua tu, hachukui jani, hachukui udongo. Akisema, wale waliolala wataamka na kumjibu, na nguvu ya ua itarudi ardhini.

Dada yangu mkubwa alikuwa amekwisha kukua. Mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wote wakageuka kunitazama.

"Masengo?" baba alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu juma lililopita. "Masengo anyamaze? Mama, tutafute kilima ingine."

Hata mama, palepale kwenye mkeka, alicheka mpaka akashika mguu kwa maumivu. Nilikasirika sana. Nafikiri hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka.

Asubuhi, jua likiwa limepanda kidogo na umande umekauka, Kambo alinipa kikapu na kikombe cha maji. "Jaza kinywa. Hata bakutukane, hata nyoka ikupite mu miguu. Unasikia?"

Nikataka kusema nimesikia. Akaninyooshea kidole. Nikafunga mdomo.

Jaribuni siku moja. Hatua za kwanza ni mchezo. Baadaye mashavu yanauma, pua inakuwa ndogo, na ulimi, ule ulimi wangu, ukawa unaelea mle ndani kama samaki aliyefungiwa kwenye beseni. Nilikuwa bado sijamaliza mtaa nikasikia sauti ya Feza.

Feza alikuwa jirani yetu, rika langu, na msichana pekee aliyeweza kunishinda kwa matusi. Alikuwa amekaa kwenye jiwe anasuka mdoli kwa nyuzi za mahindi.

"Weye Masengo, unaenda wapi na ile kikapu?"

Nikapita.

"He! Leo unatunyamazia? Banakukata ulimi?" Akasimama, akaniona mashavu. Akapiga makofi kwa furaha. "Tazameni Masengo! Anabeba mihogo mu kinywa! Anakula yeye peke yake, mama yake anakufa na njaa!"

Niliendelea. Machozi yalinijia, lakini machozi hayakukatazwa. Akanifuata mpaka nje ya mtaa, mpaka kwenye pori, akiimba wimbo alioutunga papo hapo kuhusu mashavu yangu. Penye mwisho wa miti akasimama. Hakuthubutu kuingia. Nikapanda peke yangu.

Nimetafuta maneno ya kueleza mahali pale kwa miaka mingi, na mimi si mtu wa kukosa maneno. Palikuwa kimya, lakini haukuwa ukimya wa mahali patupu. Ulikuwa kama wa chumba ambamo watu wameacha kuzungumza kwa sababu umeingia. Nyuki walikuwepo, wengi, na hata wao walikuwa wanafanya kazi kwa sauti ya chini. Maua yalinifika magotini. Nilipochuma kichwa cha kwanza harufu iliniingia puani, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umefungwa sikuwa na njia nyingine ya kupumua ila kuivuta yote. Ilipita kichwani kama maji baridi. Nilisikia wazi, kama mtoto anavyosikia, kwamba kuna wenyewe hapa, na kwamba wananitazama mikono. Nilichuma polepole, vichwa tu. Sikuchukua jani wala udongo.

Nilipokuwa nashuka, Feza alikuwa bado ananingoja chini. Akaanza upya. Alijaza upepo mashavuni, akatoa macho, akawa anatembea kinyumenyume mbele yangu ili nimwone vizuri anavyoniiga. Na kweli aliniiga vizuri, lazima niseme. Alitembea hivyo akicheka, hatua kwa hatua, na nyuma yake, kwenye majani, nililiona shimo.

Zamani kampuni ilikuwa imechimba mashimo pale ya kupima mawe, marefu kuliko nyumba, kisha ikayaacha. Majani yalikuwa yameyafunika midomo. Sisi tuliyajua kwa kuambiwa tu.

Nilimpungia mkono. Alinipungia na yeye. Nikakanyaga chini kwa nguvu. Akakanyaga na yeye, akacheka zaidi, akarudi nyuma tena.

Sikufikiri. Ningependa kusema nilipima mguu wa mama upande huu na maisha ya Feza upande ule, lakini hilo lingekuwa uongo. Maji yalitoka mdomoni yakampata usoni, na nyuma yake yakatoka maneno yote niliyokuwa nimeyafungia tangu asubuhi:

"Simama, mupumbafu weye! Shimo!"

Alisimama. Kisigino chake kilikuwa kimekwisha kusukuma udongo, tukausikia ukianguka, ukaanguka muda mrefu kabla ya kugota chini. Hakuna kati yetu aliyecheka. Feza alifuta uso, akautazama mkono wake uliolowa.

"Ilikuwa maji?" aliuliza.

"Ilikuwa ya mama," nikasema, nikaanza kulia kwa sauti, kwa maana sasa nilikuwa na ruhusa.

Nilifika nyumbani na kikapu kimejaa. Kambo alikuwa amekwisha kutenga chungu. Mama alikuwa amelala, macho yake yamefumbwa. Hakuna aliyejua. Ningeweza kumwaga maua chunguni, basi. Lakini kitu kimoja nilichonacho tangu utotoni, pamoja na ulimi mbaya, ni kwamba siwezi kumuuzia mtu kitu kilichooza nikamwambia ni kizima.

"Kambo, nilisema," nikamwambia. "Nilitema maji. Feza alikuwa anaingia mu shimo."

Kambo aliinamia kikapu akanusa. Alinusa muda mrefu. Kisha akanusa kichwa changu, hapa kwenye utosi.

"Ulisema nini?"

"Nilimutukana."

"Na alipona?"

"Alipona."

Nilingoja anipige. Badala yake alichukua kikapu akanirudishia mikononi. "Hii rudisha kwa benyewe. Imwage pale pale uliichuma, na usiseme sababu, balisikia. Kisha jaza kinywa tena, uchume ingine."

"Balikasirika, Kambo?"

"Mi najua?" alisema. "Mutu akiamshwa na kelele ya kuponyesha mutoto, atakasirika? Pengine atalala tena. Enda, jua inapanda."

Nikajaza mdomo. Nilipotoka nje, Feza alikuwa amesimama uani kwetu, uso umekauka. Akatangulia mbele. Mtoto yeyote aliyenitazama mashavu njiani, Feza alimfukuza kwa jiwe na kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alitukana kwa niaba yetu wawili. Mara hii alipanda na mimi mpaka penye maua, akiniongoza kuyakwepa mashimo, na pale juu na yeye akanyamaza bila kuambiwa. Nilimwaga maua ya kwanza mahali pake. Nyuki wakayarudia kana kwamba hayajawahi kuondoka.

Kambo aliyachemsha mpaka maji yakawa rangi ya mvinyo wa misa. Aliyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, akachemsha na vitambaa, akaosha mikono yake mpaka kwenye viwiko. Mama alipoomba anywe kidogo, Kambo alimkemea: "Hapana! Hii haimezwi hata siku moja. Iko ya kuosha tu." Akaosha kidonda asubuhi na jioni. Mama aliuma kanga.

Siku ya ine Tata Munganga alikuja na begi lake. Baba alikuwa amekwisha kumfungia mama nguo za hospitali kwenye kitambaa cha pano. Muuguzi akafungua kitambaa, akakaa kimya tena, na sisi wote tulikuwa tumejifunza kuogopa ukimya wake. Kisha akainama. Akanusa. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu mwingine akifanya kama Kambo.

"Harufu iko wapi?" aliuliza.

Kambo akamwonyesha chungu. Akamweleza bila kuficha, maji ya mdomoni na wenye kilima pamoja. Muuguzi alisikiliza yote, hakucheka.

"Basi, Mama, muendelee," alisema. "Na mi pia naendelea na sindano yangu. Tusianze kugombana sasa, muguu itatusikia."

Mama alitembea kwa mguu ule mpaka alipozeeka. Kovu lilibaki, jeusi, lenye umbo la jani.

Je, ni maua? Ni sindano? Ni vitambaa vilivyochemshwa, au sala za baba, ambaye alidhani hatumsikii? Sijui. Mtu akiniambia anajua, namuuliza alikuwa amesimama wapi. Watu wa sokoni wameniomba zaidi ya mara moja nitie maua ya mukuba kwenye sabuni yangu, niandike kwenye karatasi kwamba inaponyesha vidonda. Niliwafukuza. Sikusoma zaidi ya shule ya msingi, kazi ya sabuni nilijifundisha mwenyewe kwa kuunguza mikono, lakini najua tofauti kati ya kitu nilichokiona na kitu ninachokiuza.

Kilima chenyewe hakipo tena. Mashine zilikula kilima, zikaendelea kula mpaka pakawa shimo ambalo ukisimama ukingoni malori ya chini yanaonekana kama kunguni. Wale waliolala sijui waliwapeleka wapi.

Binti yangu nilimpa jina la Kambo: Ngoie. Anafanya kazi ya maabara kule Lubumbashi, na mwaka huu alinishika mkono akanipeleka kuona kitu. Alikuwa ametafuta ua lile kwenye vilima vilivyobaki, akalikausha, akatoa dawa yake, akalowesha nayo kipande kidogo cha karatasi. Akaniwekea mbele kisahani cha kioo chenye kifuniko. "Hapa ndani, mama, nilipanda vijidudu," alisema, "vile vinavyoozesha vidonda. Usifungue."

Vilikuwa vimeota kila mahali, kama ukungu juu ya ugali wa jana. Palikuwa na karatasi moja iliyoloweshwa kwa maji matupu. Vijidudu vilikuwa vimeifikia na kuizunguka bila haya. Palikuwa na ya pili, ya majani ya mmea ule ule. Huko vilirudi nyuma kidogo sana. Na palikuwa na ya tatu, ya maua. Kuizunguka ile ya tatu palikuwa peupe. Duara safi, kana kwamba mtu amefagia. Vijidudu vilikuja kwa wingi wao wote mpaka kwenye mpaka ule, vikasimama. Basi, mwisho hapo.

Nilikiona kilima. Sisemi nilikikumbuka, nilikiona, pale ndani ya kioo, kikubwa kama sarafu: pori limesimama pande zote, na katikati uwanja usiothubutiwa.

"Lakini nisikudanganye," Ngoie alisema, na niliyatambua maneno ya Tata Munganga. "Hii ni kwenye kisahani. Kwenye mwili wa mtu ni jambo lingine. Na ua hili linavuta shaba na madini mengine kutoka ardhini, ukilinywa linaweza kukudhuru. Bado hatujui ni nini hasa kinachofanya kazi."

Haimezwi hata siku moja, nikawaza. Nilitaka kumwambia. Alikuwa amegeuka kunitazama, anangoja, maana hajawahi kunionyesha kitu nisikitolee maoni. Nilisimama pale mdomo umefungwa, mwanamke mzima, nikajawa na kile kile kilichonijaa juu ya kilima: kwamba kuna wenyewe hapa, na kwamba walikuwa wakifanya kazi yao muda wote, tuwe tumewaamini au hatukuwaamini.

Sijui kama wana majina. Kambo aliwaita wahenga, Ngoie atawapa jina refu siku atakapolipata, na mimi nitaliheshimu. Ninachojua ni kwamba nilikaribia kitu kikubwa kuliko mimi, nikaambiwa nifunge mdomo nichume taratibu, na nilipolazimika kuufungua kwa ajili ya mtu, hakikuniadhibu. Kiliniruhusu kurudi.

Mvua zilipokuwa zinaaga, Ngoie alikuja Kolwezi kutafuta maua zaidi. Tulikwenda kilima cha mbali kidogo, njia ya Mutshatsha, ambacho mashine hazijakifikia. Feza alikuja nasi. Magoti yake ni mabovu kuliko yangu, ulimi wake bado mzima, na tangu siku ile hutembea akitazama mbele. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimepita kwenye mtungi.

Njiani Ngoie alinieleza mambo mengi kuhusu vifuko vya karatasi, jinsi ya kuchuma vichwa tu, bila jani, bila udongo. Nikatikisa kichwa. Akaniuliza kama nimechoka. Nikatikisa kichwa. Mwishowe akasimama katikati ya njia, ana wasiwasi.

"Mama, mbona husemi? Na mashavu yako yana nini?"

Nilimtazama Feza. Feza akamshika Ngoie mkono, akamgeuza uso kuelekea kilimani.

"Mwache," akamwambia kwa sauti ya chini. "Iko na maji mu kinywa."